Kundi la Herufi

Sauti ya Madamu Julienne ilikuwa imemkauka tangu Jumanne, na leo ilikuwa Ijumaa, siku ya mgeni. Alikunywa maji ya moto yenye tangawizi, akalamba asali aliyoiomba kwa jirani, wapi! Alipofungua mdomo kuwasalimu watoto wa darasa la tatu, kilichotoka ni mkwaruzo. Watoto themanini na ushee wakamjibu kwa kelele za kutikisa mabati, kisha wakaketi, wanne wanne kwenye madawati ya watu wawili, wakangoja kuambiwa la kufanya. Yeye naye alikuwa anangoja mtu amwambie aende nyumbani akalale, lakini nani wa kumwambia hivyo?

Shule yenyewe iko Kawempe, Kampala, nyuma ya gereji za bodaboda, ambako mvua ikinyesha mtaro unajaa na watoto wanavuka viatu mkononi. Mwenye shule ndiye mwalimu mkuu, Wanjala, mtu wa Busia, mnene, mcheshi, mwepesi wa kuahidi. Nusu ya watoto ni wa Kikongo, wazazi wao wanatembeza vitenge na kusuka nywele mjini, kwa hiyo pale Kiswahili ndicho kinachopatanisha watu. Na ndicho kilichompa Julienne kazi. Wanjala alimwajiri kwa huruma, sawa, lakini pia kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza na wazazi wale wakaelewana.

Tusidanganyane, Julienne alikuwa mwalimu wa kweli. Alisomea ualimu Bukavu, akafundisha huko hadi vita vilipomwondoa, na diploma yake alikuja nayo kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni. Kampala hakuna aliyetaka kuiona. Mwaka huu ndipo Wanjala alipomwita ofisini akamwambia waziwazi, bila mzaha wake wa kawaida, kwamba shule imeambiwa kila mwalimu awe na cheti kinachotambulika hapa. Kuna mafunzo ya likizo kule chuo cha Kyambogo, ya kufundisha kusoma na hesabu kwa njia mpya. Aende. Mwishoni mkufunzi atakuja kumwona darasani, na akiridhika, cheti kitatoka.

"Ukikipata, Januari uko hapa," Wanjala alisema. "Usipokipata, Madamu, mimi nitafanya nini? Nitaleta mwingine."

Basi akaenda. Likizo nzima, wenzake wakipumzika, yeye alikaa kwenye viti vya Kyambogo akijifunza, na kusema kweli aliyapenda mafunzo yale kuliko alivyotegemea. Mkufunzi wao alikuwa Madamu Awiti, Mkenya wa makamo, miwani puani, mkali lakini si mwenye dharau. Alilorudia kila siku lilikuwa moja: mwalimu asifundishe darasa, afundishe mtoto. Darasa la tatu moja lina mtoto anayesoma hadithi na mwingine asiyejua herufi, na mwalimu anasimama katikati anawahutubia wote habari moja. Kwa hiyo uanze kwa kumpima kila mtoto peke yake. Mkae wawili kwenye benchi, mbali na wenzake, umpe karatasi asome, umpe vifuniko vya soda ahesabu. Kisha uwagawe: kundi la herufi, kundi la maneno, kundi la hadithi. Kila kundi lianze pale lilipo.

Julienne alirudi Kawempe na moto wa kufanya hayo yote. Jumatatu ya kwanza ya muhula akatoa benchi nje, akawapima watoto kadhaa. Huku nyuma darasa lililobaki likageuka soko: mmoja akamng'ata mwenzake sikio, mwingine akatumbukiza kiatu cha mtu mtaroni, na Wanjala akaja mbio kuuliza kama shule imevamiwa. Jumanne akajaribu tena, mvua ikanyesha. Jumatano alikuwa na darasa la tatu na la nne pamoja, maana mwenzake alikuwa anaumwa. Alhamisi aliliangalia lile benchi, akahisi mwili mzima unakataa. Akatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ilikuwa pale pale darasani, tayari, imemngoja siku zote.

Njia hiyo ilikuwa mikono. Pale shuleni kwa Wanjala kulikuwa na desturi ambayo kila mtoto alifundishwa mwanzo wa mwaka, hata kabla ya kufundishwa vyoo viko wapi. Mwalimu akiuliza swali, watoto wote wanainua mkono. Wote, hakuna kubaki. Anayejua jibu anainua wa kulia, asiyejua anainua wa kushoto, na mwalimu anachagua wa kulia tu. Mgeni akiingia anaona msitu wa mikono, anasikia majibu yote ni sahihi, anatoka anatikisa kichwa kwa raha. Wanjala aliibuni kwa ajili ya wageni na wazazi, akajisifia nayo sana. Mwanzoni Julienne aliiona ni aibu. Lakini mwalimu akichoka hupenda kujibiwa. Ukiuliza na ukajibiwa sawa, siku inasonga mbele, unafuta ubao, unaendelea. Taratibu akaanza kuitumia hata siku ambazo hakuna mgeni, na mwishowe akasahau kwamba ilikuwa hila.

Kwa hiyo Alhamisi ile aliandika maneno ubaoni, akauliza nani anaweza kuyasoma, mikono ikainuka. Wa kulia akawaambia wakae upande wa dirishani: kundi la hadithi. Wa kushoto akawapeleka ukutani: kundi la herufi. Waliosita, mara wa kulia mara wa kushoto, akawaweka katikati wakawa kundi la maneno. Ikamchukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Alijua kabisa si kupima kule, ila alijiambia atawapima vizuri akipata nafasi. Nafasi yenyewe, jamani, ingetoka wapi?

Ijumaa hii ya mgeni, miezi baadaye, Madamu Awiti alifika saa nne, kofia ya boda mkononi na vumbi hadi kwenye nyusi. Wanjala alimpokea kwa maneno mengi na soda. Soda akaikataa, akaomba tu kiti, na hakukipeleka mbele kama wageni wengine. Alikiweka nyuma kabisa, karibu na ukuta, akaketi kimya.

Julienne akaanza na hesabu. Miguu ilikuwa inamwuma, koo linamwuma, lakini alisimama wima. Aliuliza, mikono ikainuka yote, akachagua wa kulia, jibu likaja safi. Akauliza tena, safi. Wanjala mlangoni alikuwa anatabasamu hadi fizi. Awiti hakutabasamu. Alikuwa anatazama mikono, uso haueleweki, na Julienne akajisemea moyoni, Mungu wangu, huyu ameshajua.

Ulipofika wakati wa kusoma, makundi yakatawanyika. La hadithi likabaki ndani na vitabu, la maneno likakaa barazani, na la herufi likaenda kando ya tangi la maji na kadi zao za maboksi zilizoandikwa a, e, i, o, u. Huko ndiko Awiti alikokwenda. Julienne akamfuata, na Wanjala nyuma yao akihema.

"Nyinyi ni kundi gani?" Awiti akawauliza watoto.

"La herufi!" wakaitikia kwa furaha. Hata jina la aibu mtoto hulishangilia akiwa na wenzake.

Awiti akachutama, akafungua begi lake, akatoa karatasi yenye hadithi ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuiona. Akamwonyesha mtoto wa kwanza, mtoto akatikisa kichwa, hawezi. Wa pili akatambua herufi tatu nne, akakwama. Wa tatu alikuwa Reine.

Reine alikuwa msichana mwembamba aliyeletwa na shangazi yake kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale muhula uliopita ulipokuwa katikati. Kwa Julienne alikuwa mmoja tu wa wale wa ukutani, mtoto asiyesumbua, asiyejibu, anayekaa kipenseli chake kifupi mkononi kama amegundishwa nacho. Akaichukua karatasi ya mgeni, akaitazama kidogo, kisha akaanza kusoma. Hakutaja herufi. Alisoma. Alisoma habari za mbuzi aliyekula sabuni ya mama mwenye nyumba, na kila akibeua mapovu yanamtoka, na majirani wote wanakimbia wakidhani amerogwa. Akabadilisha sauti alipofika maneno ya mama, akapumzika penye kituo. Wenzake wa kundi la herufi walimsogelea, wakaanza kucheka, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu wawekwe pale tangini kusikia hadithi. Alipomaliza mmoja akasema, "Rudilia pa mapovu!"

Julienne alizitazama zile kadi za maboksi. Miezi, alifikiri. Miezi yote hii nimemkalisha huyu mtoto na a, e, i, o, u.

Awiti akainuka, akavua miwani. "Mwalimu," alisema polepole, "huyu anafanya nini hapa?"

Julienne hakuwa na sauti, kwa koo wala kwa moyo. Wanjala ndiye aliyekuwa nayo. Akaruka kati, mkono begani kwa mtoto.

"Aa, huyu, Madamu! Huyu ni kiongozi wa kundi! Ni mpango wa Madamu Julienne huo. Anamweka mtoto anayejua pamoja na wasiojua awasaidie. Amebuni yeye mwenyewe."

Uongo wenyewe ulikuwa mzuri. Uliingia mahali pake vizuri mno, hata Awiti akaanza kulegea usoni. "Kweli?" akasema, akimgeukia Julienne. "Hilo sikuwafundisha mimi. Hilo ni la kwako?"

Julienne alitakiwa kusema ndiyo tu. Au hata asiseme, aitikie kwa kichwa. Alifikiria Januari, chumba chake cha kupanga, mama yake mzee aliyeachwa Bukavu anayengoja kila mwezi atumiwe chochote. Alifikiria tena vile viti vya Kyambogo na kuanza upya mahali pengine, na akachoka kabla hata ya kumaliza kufikiria. Akanyamaza, akatazama chini.

Awiti hakulazimisha. Akainama kwa mtoto. "Eti wewe ni kiongozi wa hawa?"

Reine akamtazama mgeni, akamtazama mwalimu mkuu, kisha akamtazama Madamu Julienne, akamtazama sana. Kidogo akasema, "Ndiyo."

Basi yakaisha. Awiti akaandika maneno machache, akasema amefurahi, akakubali sasa kwenda ofisini kwa Wanjala kunywa ile soda kabla ya kurudi Bugolobi kwenye ofisi yao. Wanjala alipompita Julienne alimfinya mkono. "Januari uko hapa, nyabo," akamnong'oneza kwa ile heshima ya Kiganda, na kweli alikuwa anamtakia mema.

Ungetegemea Julienne afurahi. Alikaa kwenye ukingo wa tangi, watoto wakaendelea na kadi zao, naye akamwita Reine.

"Reine. Wewe unajua kusoma namna hii, kwa nini darasani hutaki kujibu kabisa?"

"Nilikuwa nainua mukono, Madame," mtoto akajibu. "Kila siku nilikuwa nainua. Haukunichagua."

"Mukono gani?"

Reine akauinua, kumwonyesha. Ulikuwa wa kushoto. Wa kulia ulibaki gotini umeshika kile kipenseli.

Dady, mtoto aliyekuwa karibu, akaangua kicheko. "We Reine! Huo ni wa wasiojua! Hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Walioambiwa waliambiwa mwanzo wa mwaka, na mwanzo wa mwaka yeye alikuwa Nakivale. Reine aliuangalia mkono wake ulioinuka, akaushusha, akauficha chini ya sketi.

"Kwa nini usiinue wa kulia?" Julienne akauliza, ingawa jibu alikuwa ameshaliona.

"Wa kulia uko na kalamu. Nikiiweka kwenye meza wananiibia. Ni hii tu niko nayo."

Kwa hiyo ilikuwa hivyo tu. Mtoto alishika penseli yake isiibiwe, akainua mkono uliobaki, na mwalimu wake mwenye diploma, aliyetoka mafunzoni likizo iliyopita tu, akahesabu kwamba hajui kitu. Julienne aliona aibu ya kumchoma masikio. Lakini lilikuwepo bado jambo moja lililokuwa linamkera, akaona heri aulize liishe.

"Na yule mgeni alipokuuliza kama wewe ni kiongozi. Mbona ulisema ndiyo?"

Reine alichora chini kwa kidole cha mguu. "Niliona unaogopa, Madame. Nikafikiri nikisema ndiyo utafurahi. Halafu labda sasa utanichagua."

Julienne aliinuka. Alipita barazani, akapita ofisini ambako chupa ya soda ilikuwa mezani tupu, akamwona Awiti ameshapanda boda getini, kofia kichwani, dereva anawasha.

"Madamu! Ngoja!" Sauti haikutoka, akalazimika kumshika dereva bega. "Ngoja, ssebo, bwana. Kidogo tu."

Awiti akavua kofia, na Julienne akamwambia. Akamwambia habari za mikono ya kulia na kushoto, akamwambia lile benchi alilolikimbia, akamwambia si kiongozi wala nini, ni mtoto aliyetupwa kwenye herufi kwa sababu ameshika penseli. Alisema yote kwa mkwaruzo ule ule, na dereva wa boda naye alizima pikipiki apate kusikia.

Awiti aliipakata kofia yake. Hakuonekana kushangaa, alionekana amechoka, amechoka vile vile kama Julienne.

"Hiyo mikono naijua," alisema. "Nimeikuta shule za Kyebando, nimeikuta za Bwaise. Kisumu nilikoanza kazi mimi mwenyewe niliitumia. Nilikaa pale nyuma leo nikijiambia, kama atanyamaza na mimi nitanyamaza, kwa sababu nikifelisha kila mwenye mikono hiyo nitabaki na nani?" Akapangusa miwani kwa upindo wa gauni. "Sasa umesema. Ukishasema, siwezi kukupitisha, Mwalimu. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Toa benchi nje. Pima watoto, wote, hata ikichukua muhula. Nitarudi mwakani."

"Mwakani sijui kama nitakuwepo."

Awiti alimpa mkono, akaushika kwa muda, akavaa kofia. Boda ikaondoka.

Wanjala alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, ameyasikia ya kutosha. Hakupiga kelele. Alifungua mikono yake minene, akaishusha. "Madamu Julienne, bambi, maskini wee," alisema kwa huzuni ya kweli, "nani alikuuliza?"

Kengele ilikuwa imelia na watoto walikuwa wanarudi ndani kwa kusukumana, wa herufi, wa maneno na wa hadithi, wakijibanza wanne wanne kama asubuhi. Saa moja ya masomo ilikuwa imebaki, na huwezi kuwaambia watoto themanini kwamba umeshindwa na maisha, wakusubiri. Julienne alichukua chaki. Aliandika sentensi moja ubaoni, mpya, ambayo haikuwa kwenye kitabu chochote: Mbuzi wa jirani amekula sabuni yangu.

"Nani anasoma?"

Mikono ikainuka yote, kama walivyozoea, kulia na kushoto. Julienne akatafuta ukutani. Reine alikuwa ameiweka penseli yake mdomoni, ameing'ata kwa meno isije ikaibiwa, na alikuwa ameinua mkono wa kulia, juu kabisa, hadi kwapa la sare lililoshonwa lilikuwa linaachia uzi.

Julienne akasogea hadi kwenye dawati lake.

"Reine," alisema. "Toa kalamu mdomoni. Ishike mkononi. Halafu inua mkono wowote unaotaka."

Mtoto akasita, akawatazama wenzake, akamtazama Dady. Akaishika penseli kwa mkono wa kulia. Akainua wa kushoto, polepole, nusu tu, akiwa tayari kuushusha.

"Ndiyo, wewe," Julienne akasema. "Soma."